Ubao mrefu huharibikia nje ya mashine

Ukipita kwenye mitaa inayojengwa sasa Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza, inua macho utazame ukingo wa paa. Ule ubao mpana unaozunguka nyumba na kuficha ncha za kenchi, ambao mafundi wanauita fisha bodi, huunganishwa kila baada ya futi 12 hivi, kwa kuwa ndio urefu wa mbao nyingi zinazouzwa. Katikati umenyooka na rangi imekaa sawa. Pale mbao mbili zinapokutana, mara nyingi pana kibonde. Kila ncha imeliwa kidogo, na ncha mbili zilizoliwa zikiwekwa pamoja, upungufu unaonekana zaidi. Saa sita mchana huwezi kuuona. Jioni, jua likija kwa ubavu, unajitangaza.

Mwenye nyumba humlaumu mpaka rangi. Mpaka rangi humsukumia seremala. Seremala naye husema mashine ya kuranda aliyopelekea mbao zake ina visu vibovu. Kwa kawaida visu havina kosa, na mashine ni nzima. Kosa lilitokea mita mbili nje ya mashine, upande wa kuingilia au wa kutokea, ambako ubao mzito ulikuwa unaning'inia bila kushikwa.

Ni kosa la milimita, tena mara nyingi chini ya milimita moja, lakini limezoeleka hadi mafundi wengi wanaliona ni tabia ya mbao. Linakula mbao, linakula muda, na linawaweka vijana mahali pabaya mbele ya mashine. Dawa yake ni stendi inayobeba ubao ukiwa nje ya mashine, na inaweza kutengenezwa kwenye karakana yoyote kwa vipande vya mbao, bomba la chuma na beringi chakavu.

Ndani ya mashine

Mashine tunayoizungumzia ni ile kubwa inayokaa mahali pamoja, ambayo ubao huingia upande mmoja ukiwa na unene wa msumeno na kutoka upande wa pili ukiwa na unene sawa mwanzo hadi mwisho. Chini pana meza ya chuma. Juu yake panazunguka kichwa chenye visu viwili, vitatu au vinne, kwa kasi ya mizunguko elfu kadhaa kwa dakika. Mbele ya visu pana rola yenye meno inayovuta ubao kuuingiza. Nyuma ya visu pana rola nyingine, laini zaidi, inayoutoa. Rola hizo mbili zina kazi ya pili iliyo muhimu kuliko ya kuvuta: zinaukandamiza ubao chini ili ukae juu ya meza wakati visu vinapita.

Ubao ukiwa katikati ya safari, rola zote mbili zimeushika na visu vinakata kina kilekile. Matatizo yako mwanzoni na mwishoni. Ncha ya mbele inapofika kwenye visu, ni rola ya kuingizia peke yake iliyoushika. Ile ya pili haijaupata bado. Na ncha ya nyuma inapokaribia kumalizika, rola ya kuingizia imeshauachia, umebaki mikononi mwa rola ya kutolea. Katika nyakati hizo mbili ubao ni mkono wa mizani, na ukingo wa meza ndio mhimili wake. Sehemu ndefu iliyo nje ikishuka kwa uzito wake, sehemu fupi iliyo ndani inapanda, na kilicho juu yake ni visu vinavyozunguka. Vinakula zaidi.

Ndiyo maana kibonde hakitokei popote tu. Urefu wake unakaribiana na umbali kutoka visu hadi rola, yaani sentimita chache kila ncha. Fundi anayejua kusoma mbao zake hutambua kosa kwa kutazama tu: kibonde kikiwa ncha ya mbele, ubao haukubebwa upande wa kuingilia, kikiwa ncha ya nyuma, haukupokewa vizuri upande wa kutokea.

Hapo lipo jambo linalouma. Ncha ndipo kazi ya seremala inapounganika. Kwenye fremu ya mlango, ulimi unachongwa kwenye ncha; ncha ikiwa imeliwa, ulimi unalegea ndani ya tundu lake, na gundi haiwezi kujaza pengo alilolifungua fundi mwenyewe. Kwenye uso wa meza uliounganishwa kwa mbao tano, ncha tano zilizoliwa kwa vina tofauti huacha ngazi ndogo ambazo kiganja kinazihisi kabla ya jicho kuziona. Kwenye fisha bodi, ncha ndiyo inayotazamana na jirani yake kwa miaka yote nyumba itakayosimama.

Hesabu ya futi 12

Chukua ubao wa paina wa inchi 2 kwa 6, futi 12, wa aina inayoshushwa kila siku kutoka Mafinga na maeneo mengine ya Mufindi. Ukiwa umekauka vizuri, una uzito wa kilo 14 hivi. Hakuna kijana anayeshindwa kuubeba begani, na hilo ndilo linalotudanganya.

Sasa uingize kwenye mashine ambayo meza yake inatokeza sentimita 30 kabla ya visu. Ncha ya mbele inapogusa visu, zaidi ya mita 3.3 za ubao ziko nje, na uzito wa sehemu hiyo umekusanyika mita 1.7 kutoka ukingo wa meza. Ili ubao usiinuke, rola iliyo sentimita 25 kutoka ukingo huo inatakiwa ikandamize kwa nguvu inayozidi kilo 80. Ubao wa kilo 14 umezaa mzigo wa mtu mzima aliyesimama juu ya rola. Ukiwa wa mkongo, mti ambao ni mzito zaidi kwa kiasi kikubwa, mzigo unapita kilo 120. Springi za rola zinakubali, ubao unanyanyuka kidogo, na kidogo hicho ndicho kibonde.

Wengi hujitetea kwamba ncha zitakatwa baadaye. Ni kweli, na ni busara kuacha ziada, lakini tupige hesabu. Ukikata sentimita 10 kila upande wa ubao wa futi 12, umetupa sentimita 20. Kwa kila mbao 18 unazoranda, umetupa karibu urefu wa ubao mmoja mzima. Kwa paina hiyo ni hasara. Kwa mninga, mvule au mkongo, miti iliyochukua miongo kufikia unene wa kupasuliwa, ni zaidi ya hasara ya fedha. Anayeipenda kazi hii hawezi kuutazama mti wa namna hiyo ukigeuzwa kuni kwa kukosa stendi.

Stendi ikae wapi

Karakana zilizo na stendi huwa zimeiweka karibu mno na mashine, kwa kuwa pale inaonekana inasaidia. Inasaidia mwanzoni tu. Fikiria stendi iliyo futi 4 kutoka kwenye mashine, upande wa kutokea. Ubao wa futi 12 unapokaribia kumalizika, katikati yake imeshaipita stendi. Uzito mwingi sasa uko ng'ambo, ubao unaegemea stendi na kushuka upande wa mbali, na mkia ulio ndani ya mashine unapanda kwenye visu. Stendi iliyowekwa ili kuzuia kosa imekuwa mhimili mpya wa kosa lilelile.

Kwa hiyo stendi ikae mbali kuliko nusu ya urefu wa ubao. Kipimo kinachofanya kazi vizuri ni theluthi mbili: ubao wa futi 12, stendi futi 8 kutoka kwenye mashine, ubao wa futi 9, stendi futi 6. Hapo uzito wa ubao unabaki kati ya meza na stendi hadi mkia utoke. Upande wa kuingilia kanuni ni hiyohiyo kinyumenyume. Ukiwa na stendi mbili kila upande, weka ya pili futi 4, hasa kwa mbao nyembamba za inchi 1, ambazo hupinda katikati hata zikiwa zimeshikwa kwa mbali.

Kimo nacho kina sheria yake. Chukua ubao ulionyooka kabisa, au uzi uliovutwa, ulaze kutoka kwenye meza ya mashine hadi kwenye stendi. Stendi iguse. Ikiwa juu kwa milimita mbili au tatu kule mbali si vibaya, kwa sababu mkia ulioinuka kidogo huisukuma ncha ya mbele chini, kwenye meza, mahali tunapoitaka. Ikiwa chini kwa milimita hizohizo, stendi haifanyi kazi yoyote hadi ubao ushuke kuifuata, na ukishashuka, kibonde kimeshapatikana. Ikizidi juu sana nayo ni balaa: ubao unajikunja, unaachana na meza, na unene unatoka na mawimbi.

Rola ya stendi ikae mraba na njia ya ubao. Ikikaa mshazari, hata kidogo, itauvuta ubao pembeni, na mwendeshaji atajikuta anapigana nao kwa mikono karibu na mashine. Asiye na rola atumie ubao mgumu uliosimamishwa kwa ubavu, ukingo wake umeviringwa na kusuguliwa kwa mshumaa. Mbao huteleza juu yake bila shida na haziendi kombo. Na kwa kuwa karakana zetu nyingi zina sakafu ya udongo au saruji iliyopasuka, stendi ya miguu mitatu ni bora kuliko ya minne. Miguu mitatu haiyumbi hata ardhi ikiwa na mashimo.

Meza inayopanda

Lipo jambo ambalo limewakatisha tamaa mafundi wengi waliojaribu stendi wakaziacha. Kwenye mashine ndogo za kubebeka, mara nyingi meza hukaa palepale na kichwa cha visu ndicho kinachoshushwa. Stendi ukiipima asubuhi, umemaliza. Kwenye mashine nyingi kubwa za kudumu ni kinyume chake: kichwa kimefungwa, na meza ndiyo inayopandishwa kwa gurudumu la mkono kila unapotaka kupunguza unene.

Ukipandisha meza milimita 2 kwa kila mpito, na ubao ukahitaji mipito mitano, mwishoni meza iko karibu sentimita nzima juu ya stendi uliyoipima mwanzoni. Mpito wa kwanza ulitoka vizuri. Wa mwisho, ule unaobaki kwenye sura ya kazi, umetoka na kibonde. Fundi anasema stendi hazina maana. Ukweli ni kwamba stendi ilibaki chini huku meza ikipanda.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni stendi ya kupandishwa: mguu wa ndani unaoteleza kwenye mguu wa nje, bolti na kipepeo cha kukaza kwa mkono, na alama za milimita zilizochorwa ubavuni. Kila meza inapopanda, stendi nazo zinapandishwa. Inahitaji nidhamu, na nidhamu hupungua foleni ikiwa ndefu.

Ya pili ni bora kwa anayeranda mbao ndefu kila siku: kuirefusha meza yenyewe. Ubao mpana wa playwudi nene, laini na ulionyooka, unapitishwa ndani ya mashine juu ya meza, ukitokeza mbele na nyuma, na chini yake unafungwa kizuizi cha mbao kinachokamata ukingo wa meza ili rola zisiuvute. Vyuma vya engo vilivyofungwa kwenye meza hubeba sehemu zinazotokeza ili zisilegee. Meza ikipanda, urefusho unapanda nayo. Kinachopotea ni unene wa playwudi kwenye nafasi ya mashine, na kipimo cha unene sharti kisahihishwe kwa kiasi hicho. Kwa mbao za futi 12 bado utahitaji stendi ya mbali, lakini kazi yake inakuwa nyepesi, kwa sababu mhimili umesogezwa nje na mkono wa kukandamizia umekuwa mrefu.

Kijana anayegeuzwa stendi

Pasipo na stendi, nchini kwetu pana mtu. Kila karakana ya kuranda ina saidia fundi wake, kijana anayesimama upande wa kutokea kupokea mbao kutwa nzima. Fundi mdogo asiye na mashine huleta mbao zake kwa mkokoteni au bajaji ya mizigo, analipa kwa ubao au kwa futi, na anataka aondoke kabla umeme haujakatika. Kijana hafundishwi. Anaambiwa apokee tu.

Kupokea ni kazi yenye ufundi, na yafaa ifundishwe. Mlishaji, yule wa upande wa kuingilia, huuinua mkia kidogo tu hadi ncha ya mbele ishikwe na rola ya pili. Baada ya hapo huubeba sawa na meza na kuufuata kwa mwendo wa mashine. Mpokeaji hubeba uzito, basi. Havuti, kwa sababu rola ina mwendo wake, na ubao ukivutwa unatoka na michirizi. Habonyezi chini, kwa sababu akibonyeza huku, kule ndani ubao unapanda. Mkia unapokaribia kutoka, huinua kidogo, kiasi cha kuuhisi umekaa kwenye meza. Mwendo wake uwe wa kurudi nyuma hatua kwa hatua akiwa pembeni ya ubao, na njia iwe imefagiwa maranda.

Hatari nazo zatakiwa zitajwe waziwazi. Kiganja kisipite kati ya ubao na meza, wala kati ya ubao na rola ya stendi, kwa kuwa ubao unaovutwa na mota hausubiri mtu atoe vidole. Asisimame mtu mstari mmoja na ubao upande wa kuingilia: kipande kinaweza kurushwa nyuma, hasa kwenye mashine ambayo makucha yake ya kuzuia yameng'oka au yamejaa utomvu. Asiiname mtu kuchungulia ndani wakati inazunguka. Shati lisilofungwa vifungo, kanga iliyofungwa kiunoni, glavu za nyuzi: vyote vikae mbali. Vumbi nalo lisidharauliwe. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Sheria zipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awakinge wafanyakazi wake, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumweka mtoto wa chini ya miaka 18 kwenye kazi ya hatari. Mvulana aliye likizo ya shule hana nafasi mbele ya mashine ya kuranda, hata awe mtoto wa mwenye karakana. Stendi haiondoi haja ya mtu, lakini inamwondolea uzito, na mtu asiyelemewa ana nafasi ya kuangalia mikono yake iko wapi.

Mkia kwa kichwa

Mafundi wanaoranda mbao nyingi za unene mmoja wana mbinu nyingine nzuri: kuzilisha zikifuatana, mkia wa ubao wa kwanza ukigusana na kichwa cha wa pili, bila kuacha nafasi. Rola zinakuwa na mbao muda wote, na ubao unaotoka unashikiliwa chini na unaoingia. Kibonde kinabaki kwenye kichwa cha ubao wa kwanza na mkia wa mwisho tu. Hapo ndipo vipande chakavu vya unene uleule vinapopata kazi: kimoja kinatangulia, kingine kinafunga msafara, na hivyo ndivyo vinavyoliwa badala ya mbao za mteja. Kila kipande kiwe kirefu kuliko umbali kati ya rola mbili, la sivyo kitakwama ndani.

Mbinu hiyo haitoi ruhusa ya kutupa stendi. Mbao tano za futi 12 zinazofuatana ni futi 60 za mbao zinazotakiwa kubebwa, na mpokeaji akichelewa kuondoa moja, nyingine inaigonga kwa nyuma.

Kukata kidogo kidogo pia husaidia. Mpito wa mwisho ukiwa wa nusu milimita, visu havina nguvu kubwa ya kuunyanyua ubao, na kibonde kikitokea kinaweza kuondolewa kwa msasa. Na tukumbuke kwamba mashine hii hainyooshi ubao uliopinda. Rola huukandamiza ukawa sawa kwa muda, visu hupita, ukitoka hujirudia ulivyokuwa, safari hii ukiwa mwembamba. Ubao wa namna hiyo unyooshwe uso mmoja kwanza, ndipo uletwe kwenye unene.

Nafasi ni sehemu ya mashine

Ubao wa futi 12 unadai futi 12 mbele na futi 12 nyuma, bila kuhesabu mashine yenyewe. Ni zaidi ya mita 7 za mstari ulio wazi. Kwenye vibanda vya Keko na maeneo mengine ya useremala jijini Dar es Salaam, nafasi hiyo ni ghali, na mashine huishia kuelekezwa mlangoni ili mbao zitokee njiani. Nimeona ubao ukitokeza kwenye kichochoro, bodaboda akiukwepa kwa shingo. Mwenye karakana anayepanga mahali pa kufunga mashine apime kwanza ubao mrefu kuliko yote atakayowahi kuuranda, ndipo amwite fundi umeme. Mashine ya mamilioni iliyobanwa ukutani ni mashine ya mbao fupi.

Anayeagiza kazi naye ana sehemu yake. Mteja anayechukua fisha bodi, fremu au mbao za meza asiangalie katikati ya ubao. Aweke rula ya chuma kwenye ncha, atazame mwanga ukipita chini yake, na akiona kibonde akatae kulipia kuranda. Seremala mdogo anayepeleka mbao kwenye mashine ya mwenzake aulize stendi ziko wapi kabla ya kuuliza bei. Na walimu wa useremala, wa VETA na wa vyuo vingine, wampe kila mwanafunzi kazi ya kutengeneza stendi mbili za kupandishwa kabla hawajamruhusu kuiwasha mashine, aondoke nazo chuoni ziwe zana zake za kwanza. Tumetumia fedha nyingi kununua visu vikali na mota zenye nguvu. Ubora wa ncha za ubao utaendelea kuamuliwa na kile kinachoushika ukiwa nje, na hicho kiko ndani ya uwezo wa kila fundi leo hii.